Kibao Tumekiona, Mheshimiwa, Sasa Tunaomba Ngazi: Barua ya Wazi kwa Afisa wa Urithi, Haddington

Mheshimiwa Afisa wa majengo ya kale,

Baada ya salamu nyingi. Mimi sijambo, ukiondoa kifua ambacho hakijatulia tangu baridi ianze, na natumai wewe na wote wa ofisini kwako hamjambo na mko pakavu.

Utashangaa kuona barua hii kwa Kiswahili. Za Kiingereza nimekuandikia mpaka nimechoka, na jibu ninalolipata ni lile la mashine, kwamba barua yangu imepokelewa na ni muhimu sana kwenu. Nikakumbuka kile kipeperushi chenu kinachosema kwamba asiyeelewa lugha atapewa mfasiri bila malipo. Basi safari hii mwenye haja ya mfasiri ni wewe. Na naiandika waziwazi ili wasome na wenzangu walioko Glasgow, Leicester, Muscat na nyumbani Unguja, maana kila anayepiga simu anauliza kwa nini fundi wao wa cherehani hapa Haddington, Uskoti, kafunga duka, nami sina jibu fupi.

Jibu refu ni hili. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili, watu wa heshima zao, na drili na kibao kizuri cha rangi ya buluu. Wametumwa kukitundika kwenye ukuta wangu, upande wa uchochoroni, ili watalii wajue kuwa jengo hili limesimama palipokuwa uwanja wa soko la kale. Tundu la kwanza sawa. La pili sawa. La tatu, ukuta ukatoa maji. Sisemi unyevu, nasema maji, yakamchirizikia kijana mkononi mpaka kwenye kiwiko. Akanitazama. Nikamwambia endelea, mwanangu, huenda ukapata samaki. Wakacheka, wakaziba tundu kwa gundi, wakasogeza kibao kushoto kidogo, wakafagia vumbi lao, wakaondoka. Usiku ule mvua ikanyesha, na dari ya chumba cha nyuma ikashuka yote juu ya meza ya kukatia.

Chini ya dari ile kulikuwa na kilti, ile sketi ya kiume ya Kiskoti, ya mzee mmoja, aliyoachiwa na baba yake, niliyokuwa naiongeza kiuno kwa ajili ya harusi ya mjukuu. Kulikuwa na sare za shule, majora mawili ya kitenge niliyoagizia sherehe ya Waswahili wa Edinburgh, na ovaloki yangu, mashine ya kumalizia kingo za nguo, ambayo bado naidaiwa. Kilti nimeiokoa. Ovaloki inatoa cheche. Majora usiyaulize.

Sasa tuje kwenye kibao. Kimeandikwa vizuri, na waliokiandika wanaijua kazi yao. Kinaeleza kwamba hapo zamani High Street na Market Street hazikuwa mitaa miwili. Palikuwa na uwanja mmoja mpana wenye umbo la pembetatu, wakulima wakileta nafaka, ngozi na sufu, na vibanda vya wachuuzi vikasimama katikati, kisha vibanda vikawa vya mbao, mbao zikawa mawe, mawe yakapanda ghorofa. Kwa hiyo mimi na mashine yangu ya kushonea tumekaa juu ya soko. Nimelipenda jambo hilo, sitakudanganya. Mchuuzi wa kwanza aliyetundika turubai hapa asingeambiwa asubiri idhini ya kulikaza pindi likivuja.

Historia ya mji huu naijua kuliko unavyodhani, kwa sababu maktaba ina hita na duka langu halina joto. Najua kwamba Mfalme David wa Kwanza wa Uskoti aliupa hadhi ya mji wa kifalme katika karne ya 12, na kwamba Mfalme Alexander wa Pili alizaliwa hapa mwaka 1198. Najua pia kwamba mji huu umeungua mara nyingi kuliko mkate wa mpishi mvivu. Mwaka 1216 Mfalme John wa Uingereza aliutia moto. Mwaka 1244 ukaungua tena. Mwaka 1356 Edward wa Tatu, naye mfalme wa Uingereza, akaja na jeshi lake wakati wa sikukuu ya mishumaa ya mwezi wa Februari, akachoma mji na kanisa, mpaka leo Waskoti wanauita msimu ule kwa jina la moto wake. Mwaka 1598 ukaungua bila adui yeyote. Inasimuliwa kwamba mtumishi wa kike alianika nguo karibu mno na moto wa jikoni, na baada ya hapo mpiga mbiu akawa anapita usiku akiwakumbusha watu waangalie makaa na mishumaa yao.

Hapo nilisimama nikafikiri. Mji ulikuwa na mtu wa kupita mlango kwa mlango, usiku, kwenye baridi, kuwaambia watu wakague kitu kimoja. Leo kuna ofisi nzima yenye tovuti na nembo, na hakuna wa kupita mchana kuangalia michirizi ya maji kwenye mapaa. Moto mlishaudhibiti, hongereni. Maji je?

Niseme kwa uwazi ninacholalamikia, maana kwenye simu mara ya mwisho dada aliyenipokea alidhani nataka ruhusa ya kubadilisha madirisha. Dirisha nilishalisamehe. Naelewa kwamba jengo limeorodheshwa kuwa la kuhifadhiwa kisheria, kwamba vioo vyake vyembamba ni vya kihistoria, na kwamba baridi inayopita pembeni yake nayo huenda ni ya kihistoria. Naelewa kwamba kulibadilisha jengo kama hili bila idhini ni kosa la jinai. Sijaomba kubadilisha kitu.

Ninacholalamikia ni mchirizi. Baina ya paa langu na paa la jengo la jirani kuna mchirizi mmoja wa madini ya risasi, umelala katikati kama bonde, unapokea maji ya mapaa yote mawili na kuyashusha kwenye bomba moja la chuma kule nyuma. Mchirizi ule umeziba. Juu yake umeota mti. Sisemi majani, nasema mti, una shina na matawi, na msimu wa joto uliopita ndege alitaga humo. Ukisimama upande wa pili wa Market Street ukainua macho unauona. Vijana wa kibao hawakuinua macho, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kwenye usawa wa macho ya watalii.

Jengo la jirani mnalisimamia nyinyi. Kuufikia mchirizi lazima upite juu ya paa lenu, upande wangu ni mwinuko mkali wa vigae vya mawe na fundi yeyote mwenye bima anakataa. Nilipoomba kupita, nikaambiwa niandike. Nikaandika. Nikaambiwa kwanza ijulikane mchirizi ni wa nani. Hati zangu zinasema mpaka ni katikati ya ukuta. Hati zenu, nikaambiwa, ziko kwenye hifadhi ya nyaraka na zinatafutwa. Tangu hapo mchirizi hauna mwenyewe, ila maji yake yote ni yangu.

Na kusafisha mchirizi hakuhitaji idhini ya urithi. Hilo nimelisoma kwenye mwongozo wenu wenyewe, ule wenye picha ya nyumba nzuri kwenye jalada: matengenezo madogo ya kawaida, yasiyobadilisha sura ya jengo, mwenye nyumba anahimizwa ayafanye mapema na kila mwaka. Nimehimizika, Mheshimiwa. Nimehimizika sana. Nipeni pa kupita.

Sijui yote yanayoutesa ukuta huu, ila nina dhana zangu. Mti ni wa kwanza. Njiwa ni wa pili. Walipopitisha nyaya za intaneti walitoboa karibu na lile bomba, na sidhani kama walirudi kuziba. Mabasi yanapogeuka kwenye kona vikombe vyangu vinatikisika kabatini, na nina hakika mawe nayo yanatikisika. Lakini ninaloliamini zaidi ni saruji. Kuna mtu, zamani kidogo, kabla sijaja, aliziba viungo vya ukuta wa nyuma kwa saruji badala ya chokaa. Ukiangalia utaona: viungo vimebaki vigumu na vimechomoza, mawe katikati yake yamemenyeka yakaingia ndani. Jiwe la hapa ni la mchanga, laini, linataka chokaa.

Hili sikulisoma maktaba. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa chokaa Mji Mkongwe, Unguja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai kazini. Nyumba za kwetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Baba alikuwa akipiga ukuta kwa ngumi na kusikiliza. Alikuwa akisema ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa jasho, ukiuvika saruji umeuziba pumzi, maji yataingia kwa ufa mdogo na hayatapata mlango wa kutokea. Na kila alipoitwa kwenye nyumba iliyokuwa inaegemea, kabla ya kugusa ukuta alikuwa akipanda juu. Boriti haiozi katikati, pale unapoiona. Huoza nchani, ndani ya ukuta, chini ya mchirizi ulioziba.

Usidhani nakuletea hadithi za nyumbani ili nikuchoshe. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Vibao tulikuwa navyo. Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilikuwa na jina, picha kwenye kila kadi ya posta, na wageni wakipiga foleni. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ukaporomoka wakati mafundi wako kazini, na watu wakafa. Nilikuwa hapa hapa Haddington, nikaiona video kwenye simu, vumbi likipanda pale baharini. Tangu siku hiyo nikisikia kitu kinadondoka juu ya dari yangu usiku sirudi kulala. Mwanangu ananiambia ni panya. Ningefurahi iwe panya.

Nakukumbusha na ahadi, kwa adabu. Kwenye mkutano ule wa hadhara, uliposimama na slaidi zako, ulituonyesha kanisa la St Mary's. Ulieleza, na ulieleza vizuri, jinsi Waingereza walivyoshika mji mwaka 1548, jinsi Waskoti na Wafaransa walivyowazingira, na jinsi Julai mwaka ule, mizinga ikilia, wakubwa walivyotia saini hapa mkataba wa kumposa Mary, malkia mtoto wa miaka mitano, kwa mrithi wa kiti cha Ufaransa. Ulituonyesha kwamba kanisa lilivunjika upande wa mashariki, na watu wakajenga ukuta katikati, wakasali upande mmoja kwa karne nne huku upande wa pili ukiwa wazi kwa mvua, mpaka ukarabati wa miaka ya 1970. Watu wakapiga makofi. Kisha ukasema, nanukuu nilivyokusikia, kwamba majengo ya watu wa kawaida nayo ni urithi, na kwamba kabla ya majani kudondoka kila mwenye jengo la zamani katikati ya mji atatembelewa na fundi wenu wa kukagua mapaa.

Majani yamedondoka, yakaota, yakadondoka tena. Mengine yamedondokea ndani ya mchirizi.

Isitoshe, nilipokwenda kulitazama kanisa lenyewe nikaambiwa kwamba dari ile nzuri ya upande wa mashariki, inayofanana kabisa na mawe, ni faibaglasi. Sina neno, imependeza, na Mungu hakulalamika. Ila nikajiuliza: kama kanisa la karne ya 14 limeruhusiwa kuvaa faibaglasi kichwani, mimi turubai la muda kwenye mchirizi limekataliwa kwa sababu gani? Barua yenu, ile moja iliyoandikwa na binadamu, ilisema turubai litaharibu mandhari ya mtaa. Ndoo saba za plastiki zilizopangwa sakafuni kwangu ni mandhari ya aina gani?

Mji huu ulizaa Samuel Smiles, mwaka 1812, aliyekuja kuwafundisha watu dunia nzima kwamba mtu ajiinue kwa juhudi zake asingoje serikali. Nimejaribu, wallahi. Nilitafuta fundi mwenyewe, nikapata makadirio. Ngazi peke yake haifai, akasema, lazima jukwaa la mafundi, na jukwaa likisimama juu ya njia ya miguu linahitaji kibali, na kibali kinatoka, subhanallah, kwenu, na kinalipiwa. Bei yote ilipojumlishwa ilizidi faida ya duka kwa mwaka mzima. Kwa kazi ya kung'oa mti mmoja na kuchota tope! Wakati kwenye paa lenu kuna mlango mdogo wa kutokea juu, nauona kutoka chumbani kwangu, na kutoka mlango ule mpaka kwenye mti ni hatua chache za mtu mzima.

Umaskini wangu sikutaka kuutaja hadharani, lakini tumeshafika huku. Bima imekataa kwa kuwa uharibifu, wanasema, ni wa muda mrefu na si wa ghafla. Ulivyoniangukia mimi ulikuwa wa ghafla. Mkopo wa duka unaendelea kukatwa. Wateja wa zipu na upindo hawangoji, wamekwenda Edinburgh au wananunua nguo mpya mtandaoni. Cherehani nimeihamishia jikoni, nashona huku sufuria ya wali iko jikoni pembeni, na nguo za watu zinanuka bizari. Mwanangu analala sebuleni kwa sababu chumba chake kina kuvu jeusi kwenye kona, hilo likifutwa Ijumaa linarudi Jumatatu. Daktari ameniuliza kama nyumba ni kavu. Nikacheka, nikaanza kukohoa, akaandika kitu.

Na katikati ya haya yote mnapata fedha za vibao! Sisemi vibao vibaya. Nakubali mgeni ajue kwamba mto Tyne ulifurika mwaka 1775 na tena mwaka 1948, na kwamba mwaka mmoja tu baadaye treni ya abiria ikaacha kuja. Nakubali ajue Town House, jumba la halmashauri, ilichorwa na msanifu William Adam na mnara wake ukaongezwa mwaka 1831. Nakubali asimame mbele ya Corn Exchange, soko la nafaka la mwaka 1854, na kujua kwamba nafaka ya nusu ya Lothian, jimbo letu hili, ilipita mikononi mwa watu hapa. Lakini mtu akisimama kusoma kibao changu mvua ikinyesha, bomba lililozidiwa linamwagikia shingoni. Jana nimemwona bibi mmoja wa Kijerumani akiruka. Mume wake akapiga picha ya kibao, kisha akapiga picha ya mti.

Kitu kimoja kwenye historia yenu ndicho kinachonikera zaidi kwa uzuri wake. Mwaka 1817 Samuel Brown, mfanyabiashara wa hapa hapa, alianzisha maktaba za kuhamahama. Alifunga vitabu 50 kwenye sanduku, sanduku likakaa kijijini miaka miwili, kisha likahamishiwa kijiji kingine na lingine likaja mahali pake. Hakuwa na gari, hakuwa na tovuti, na masanduku yalifika. Sasa niambie, Mheshimiwa, ngazi moja itashindwaje kutoka kwenye bohari yenu mpaka kwangu, mahali ninapokwenda kwa miguu nikiwa na kifua kibovu na kurudi kabla chai haijapoa?

Mwanzo nilikuwa na maombi mengi. Nilitaka ukuta wa nyuma ukwanguliwe saruji na upigwe chokaa. Nilitaka fidia ya ovaloki. Nilitaka hati zipatikane, nilitaka yule fundi wa kukagua mapaa aliyeahidiwa, nilitaka mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu badala ya ile mashine. Hayo yote yako kwenye barua za Kiingereza, na bado nayataka. Leo nayaweka kando. Hata kibao sisemi kiondolewe, kikae.

Leo naomba ngazi. Ngazi, mtu mmoja wa kuipanda, msumeno mdogo na ndoo. Ndoo ninazo. Kama mtu hana nafasi, nifungulieni ule mlango wa paani nusu saa, mwanangu atapanda na kamba kiunoni, na nitasaini karatasi yoyote mtakayonipa. Kama mlango hauwezi kufunguliwa bila kikao, basi fanyeni kikao, hata leo, hata kwa simu. Utabiri wa hali ya hewa unasema mvua kubwa kutoka mashariki Alhamisi. Iwe kabla ya Alhamisi.

Niko hapa kuanzia saa tatu asubuhi. Mlango wa mbele umefungwa, piteni uchochoroni, chini ya kibao, mgonge kwa nguvu kwa sababu cherehani inapiga kelele. Ngazi iingizeni kwa lango la nyuma, lile la mbele ni jembamba, haitageuka.

Wako kwa heshima zote,

Fundi cherehani wa uchochoroni,
mzaliwa wa Mji Mkongwe, mkaazi wa Haddington